Bunduki ya .22 kwenye mita 50: namna ya kupata kundi dogo

Kila aliyenunua bunduki yake ya kwanza ya shabaha huja na maswali matatu yaleyale. Mbona matundu yangu yanatawanyika? Darubini niisogeze kiasi gani? Na lini nianze kujitengenezea risasi mwenyewe, kama wafanyavyo wakongwe?

La tatu nalijibu hapahapa ili lisiturudie. Kwa .22 LR, yaani risasi ndogo ya bunduki hizi, hujitengenezei. Baruti ya kuwashia imepakwa ndani ya ukingo wa ganda, na pini ikishaugonga ukingo huo ganda limekwisha kazi. Kujaza maganda upya ni kazi ya risasi kubwa zenye fataki katikati. Nayo ina vitabu vyake vya viwanda, na katika nchi nyingi ina kibali chake mbali. Wewe kazi yako ni kutafuta risasi ambayo mtutu wako unaipenda, kisha kuacha kuisumbua darubini. Kundi ni matundu ya risasi zilizolengwa mahali pamoja, na nusu ya makundi mabovu ninayoonyeshwa hayatokani na bunduki. Yanatokana na mtu anayezungusha kliki, zile hatua ndogo za kurekebishia darubini, baada ya kila risasi.

Kabla hujaanza

Leseni na uwanja. Kenya silaha zinasimamiwa na Bodi ya Leseni za Silaha, na Tanzania kuna sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015. Aliyeko Uingereza, Ujerumani au Marekani afuate ya huko, na njia nyepesi karibu kote ni kujiunga na klabu. Shamba la mjomba si renji hata kama kuna kichuguu kikubwa nyuma yake: risasi hii ndogo inaweza kuruka zaidi ya kilomita moja, na ikigonga jiwe au maji hurukia isikotazamiwa.

Bunduki ya bolti, yaani ile unayoifungua na kuifunga kwa mkono kila risasi. CZ 457 au Tikka T1x zinatosha kabisa kwa mwanzo. Ukiwa na Anschütz ya kurithi, hongera.

Darubini inayoweza kurekebishwa paralaksi (kuhama kwa msalaba wa kulengea jicho likisogea) hadi mita 50 au chini ya hapo. Hapa watu wengi huumia. Darubini nyingi za bunduki kubwa zimefungwa kiwandani kwa yadi 100, yaani kama mita 91, na ukizitumia kwa mita 50 jicho likihama kidogo tu msalaba nao unahama juu ya karatasi.

Mengine: bipodi au mfuko wa mchanga wa mbele, mfuko mdogo wa nyuma wa kukaa chini ya kitako, miwani ya kinga, vizibo vya masikio, spana ya kupimia nguvu ya kukaza skrubu, rula ya milimita au kalipa, karatasi zenye vituo vidogo vingi, daftari, na vijiti viwili vyenye utepe mwepesi. Vijiti hivyo ni vya upepo. Usividharau, nitavirudia.

Risasi: chukua aina tatu au nne, pakiti mbili za kila aina, zote za mwendo wa kawaida, yaani zisizozidi mwendo wa sauti. CCI Standard Velocity, SK Standard Plus, Eley Club na Lapua Center-X ni mwanzo mzuri. Zile zilizoandikwa kuwa na kasi kubwa ziache. Zinatoka kwa kishindo, lakini hupoteza mwendo haraka na upepo huzisukuma zaidi.

Hatua kwa hatua

1. Hakikisha bunduki ni tupu. Toa magazini, fungua bolti, tazama chemba kwa jicho kisha ingiza kidole. Mdomo wa mtutu uelekee kwenye kuta za renji muda wote, na kidole kikae nje ya triga mpaka msalaba uwe juu ya karatasi. Msimamizi akisema simamisha, fungua bolti na uondoe mikono, hata kama ulikuwa karibu kufyatua.

2. Kaza skrubu zote kwa kipimo. Anza na zile zinazofunga chuma cha bunduki kwenye mbao au plastiki yake, kisha reli. Pete za darubini ziwe za mwisho, baada ya hatua ya 3. Namba sahihi iko kwenye kitabu cha mtengenezaji. Pete nyingi huwa karibu na nyutoni-mita 2. Usikaze kwa hisia ya mkono. Ukizidisha utabonyeza bomba la darubini, na ukipunguza itateleza kidogokidogo na wewe utalaumu risasi.

3. Weka darubini mahali pake. Lala au keti kama utakavyopiga, fumba macho, weka shavu kwenye kitako, kisha fumbua. Picha iwe duara kamili lisilo na kivuli pembeni. Ikiwa unalazimika kunyoosha shingo, sogeza darubini, si shingo. Msalaba usimame wima: tundika uzi wenye uzito mwishoni kwenye mita 25 na ulinganishe mstari wa wima nao kabla ya kukaza moja kwa moja.

4. Rekebisha jicho, kisha paralaksi. Hivi ni vitu viwili, na wageni huvichanganya kila mara. Kwanza elekeza darubini kwenye ukuta mweupe au anga tupu (jua kamwe) na uzungushe pete ya nyuma mpaka msalaba uwe mkali mara tu unapotupa jicho. Ukiutazama kwa muda mrefu jicho litajirekebisha lenyewe na kukudanganya. Baada ya hapo pete hiyo usiiguse tena. Sasa tazama karatasi ya mita 50 na utumie kidude cha paralaksi: tikisa kichwa juu na chini polepole bila kugusa bunduki. Msalaba ukielea juu ya karatasi, bado. Ukitulia, tayari. Namba zilizochorwa kwenye kidude ni makadirio tu, amini jicho.

5. Elekeza bila kufyatua. Toa bolti, weka bunduki imara juu ya mifuko, na uchungulie ndani ya mtutu mpaka karatasi ya mita 25 ionekane katikati ya tundu. Bila kuisogeza bunduki, zungusha vidude vya darubini mpaka msalaba nao ufike hapohapo. Piga moja ya kwanza kwa mita 25. Ikitua kwenye karatasi, sogeza kwa makadirio na uhamie mita 50.

6. Jenga mkao. Hapa ndipo kundi linapozaliwa, kwa hiyo usiharakishe. Mwili ukae nyuma ya bunduki, si pembeni. Mfuko wa nyuma ndio unaoinua na kushusha: uminye kwa mkono wa kushoto (au wa kulia kama unatumia shoto), msalaba utashuka na kupanda kwa nywele moja. Sasa fanya jaribio hili: lenga, fumba macho, vuta pumzi mbili, fumbua. Msalaba ukiwa umehama, usiurudishe kwa misuli ya mkono. Sogeza kiuno au miguu mpaka bunduki yenyewe ielekee katikati ukiwa umelegea. Shavu liguse mahali palepale kila mara na kwa uzito uleule. Kipande cha utepe kwenye kitako husaidia.

7. Vuta triga kwa nyama ya ncha ya kidole, moja kwa moja kuelekea nyuma. Toa pumzi nusu au yote, tulia, ongeza nguvu polepole. Risasi ikitoka, kaa ulivyo: triga ibaki imevutwa, jicho kwenye msalaba, hesabu moja mbili, ndipo ufungue bolti. Anayeinua kichwa kutafuta tundu hukiinua kabla hajamaliza kupiga. Mazoezi ya kuvuta triga bila risasi ni mazuri mno, lakini soma kitabu cha bunduki kwanza. Katika baadhi ya .22, pini hugonga ukingo wa chemba ikiwa hakuna kitu ndani na kuuharibu. Kwa hizo tumia risasi bandia.

8. Piga tano, usiguse chochote. Tano zote kwenye kituo kimoja, hata kama ya kwanza imetua vibaya. Kisha tafuta kitovu cha kundi zima na upime umbali wake hadi katikati ya kituo, juu-chini peke yake na kushoto-kulia peke yake.

Hesabu yake ni nyepesi. Darubini iliyoandikwa robo MOA (MOA ni dakika moja ya pembe) husogeza milimita 7.3 kwa kila kliki kwenye mita 100, hivyo milimita 3.6 kwenye mita 50 na 1.8 kwenye mita 25. Iliyoandikwa 0.1 mil (mil ni sehemu moja ya elfu ya umbali) husogeza milimita 10 kwenye mita 100 na 5 kwenye mita 50. Tuseme kitovu chako kiko milimita 22 chini na 11 kulia, umbali ni mita 50. Kwa robo MOA: kliki 6 juu, 3 kushoto. Kwa mil: 4 juu, 2 kushoto. Mshale ulioandikwa UP maana yake matundu yatapanda. Piga tano nyingine kuhakikisha, kisha funga vifuniko vya vidude hivyo na uvisahau kwa siku hiyo.

9. Jaribu risasi. Kila aina ina nta yake, na mtutu unahitaji kuizoea, kwa hiyo ukibadilisha aina piga kumi hadi ishirini kwenye udongo au karatasi ya pembeni kabla ya kuanza kupima. Kisha piga makundi manne ya tano-tano kwa kila aina. Pima kila kundi: kutoka ukingo wa nje wa tundu moja hadi ukingo wa nje wa tundu la mbali zaidi, halafu toa kipenyo cha risasi, milimita 5.6. Andika yote manne na upate wastani.

Wastani, nasema. Si lile dogo kuliko yote unalotaka kumpigia picha shemeji. Kundi la risasi tatu hudanganya sana kwa sababu risasi tatu hazijapata nafasi ya kutawanyika. Bunduki ileile inayotoa wastani wa milimita 10 kwa risasi tatu itatoa karibu 13 kwa tano na karibu 16 kwa kumi, na hakuna kilichoharibika. Ndiyo maana mtu akikwambia bunduki yake hupiga «milimita tano», muulize risasi ngapi na makundi mangapi.

Kiwango gani kinatosha? Chukua karatasi ya kimataifa ya bunduki ya mita 50. Duara la kumi lina kipenyo cha milimita 10.4, na tundu likigusa mstari linahesabiwa. Ukijumlisha nusu ya duara na nusu ya risasi, kitovu cha risasi kinaruhusiwa kuwa milimita 8 kutoka katikati. Kwa maneno mengine, kundi la milimita 16 lililokaa katikati sawasawa ni kumi tupu. Bunduki ya kiwandani yenye risasi iliyochaguliwa vizuri inafika hapo. Kinachobaki ni upepo na wewe.

10. Nunua loti, si jina. Kwenye pakiti kuna namba ya loti, yaani fungu la risasi zilizotengenezwa pamoja. Risasi za jina moja zilizotengenezwa siku tofauti zinaweza kukaa tofauti kabisa kwenye mtutu wako, na hili ndilo pengo ambalo wenye bunduki kubwa huliziba kwa kujaza maganda wenyewe. Ukipata loti nzuri, rudi dukani mapema ununue kadiri mfuko na leseni vinavyoruhusu, namba ileile. Washindani hasa huenda mbali zaidi: Lapua ina kituo cha kupima Schönebeck, Ujerumani, ambako mpigaji hupeleka bunduki yake na kujaribiwa loti nyingi, na Eley hufanya vivyo hivyo Birmingham. Kwa anayeanza hiyo ni anasa. Pakiti mbili za loti tatu tofauti kwenye klabu yako zitakufundisha kiasi cha kutosha.

11. Soma upepo kabla ya kusoma karatasi. Chomeka kijiti kimoja kama mita 10 mbele yako na kingine karibu na mita 30. Upepo wa pembeni wa mita 3 kwa sekunde, ambao usoni unauhisi kama kaubaridi tu, huisukuma risasi ya .22 kiasi cha milimita 15 hadi 20 kwenye mita 50. Kwenye mita 100 ni karibu mara nne ya hapo. Angalia pia mwelekeo wa mtawanyiko. Kwa mtutu unaozungusha risasi kulia, kama ilivyo mitutu mingi, upepo wa kutoka kulia husukuma matundu kushoto na juu kidogo, na wa kutoka kushoto huyasukuma kulia na chini kidogo. Kundi lililolala kama mshale wa saa kutoka kumi kwenda nne limechorwa na upepo.

Mwanzoni usijaribu kulenga pembeni ili kuufidia. Chagua hali moja, tepe zimelala hivi na kwa kiasi hiki, na upige katika hali hiyo tu. Ikibadilika, ngoja. Kwenye renji za pwani nenda asubuhi. Baada ya adhuhuri upepo wa bahari ukishaamka, unachopima ni subira yako.

Makosa ninayoyaona kila wikendi

Kusafisha mtutu kupita kiasi. Risasi hizi ni laini, zina nta, na mtutu uliosafishwa hadi kung'aa hutawanya mpaka uchafuke tena kidogo. Safisha pale makundi yanapoanza kukua, na zaidi karibu na chemba ambako mabaki magumu hujikusanya kama pete. Fimbo ipite kutoka nyuma kwenda mbele, kwa kutumia kiongozi chake.

Kuacha risasi ndani ya gari juani. Joto hubadilisha kasi ya risasi na hulainisha nta. Weka kwenye mfuko kivulini.

Kuifuta risasi iliyokwenda pembeni kwa kusema «hiyo ilikuwa mimi». Kama ulijua kabla ya kutazama karatasi kwamba umeivuta vibaya, sawa, iandike hivyo. Kama uliijua baada ya kuona tundu, ni sehemu ya kundi.

Kusimamisha bipodi juu ya meza tupu ya saruji. Itaruka. Weka zulia dogo au mkeka chini yake.

Kundi likigoma

Matundu yamejipanga wima. Kwanza shuku pumzi na mfuko wa nyuma. Zikiwa sawa, shuku risasi: tofauti ya kasi ya mita 10 kwa sekunde kati ya risasi na risasi huleta milimita 7 au 8 za juu-chini kwenye mita 50, na zaidi ya 30 kwenye mita 100. Ukiweza kuazima kronografu, kifaa cha kupima kasi ya risasi, utaliona wazi. Dawa ni loti nyingine, si kliki.

Yamejipanga mlalo. Upepo, au kidole kinachosukuma triga pembeni. Rudia siku isiyo na upepo kabla ya kujihukumu.

Makundi mawili madogo kando kwa kando. Karibu kila mara ni shavu linalokaa sehemu mbili tofauti au paralaksi ambayo haikurekebishwa. La sivyo, kuna skrubu iliyolegea.

Kundi zuri lakini linahama kila siku. Kagua pete na reli. Kisha ijaribu darubini: piga tatu, panda kliki 20, piga tatu, kulia 20, piga tatu, shuka 20, piga tatu, kushoto 20, piga tatu. Makundi manne ya mwanzo yawe pembe za mraba na la tano litue juu ya la kwanza. Lisipotua hapo, darubini ndiyo mbovu, hata iwe ghali vipi.

Ya kwanza ya siku hutua peke yake. Ni kawaida kwa mtutu baridi. Iandike kwa siku kadhaa. Ikitua palepale kila mara, unaijua. Wengine hupiga mbili za kuamsha mtutu kabla ya kuhesabu.

Triga imevutwa, hakuna kitu. Usifungue bolti. Elekeza mtutu kwenye kuta za renji, ngoja sekunde 30 au muda ambao renji yako imeweka, ndipo utoe risasi na uitie kwenye chombo cha msimamizi. Usiirudishe mfukoni.

Mlio mdogo, kama chafya, na hakuna tundu jipya. Simama papo hapo. Huenda risasi imekwama ndani ya mtutu, na ya pili ikiifuata mtutu unaweza kupasuka. Fungua, toa bolti, chungulia kutoka nyuma. Usipoona mwanga, kazi imekwisha kwa leo, mpe fundi.

Ukimaliza, osha mikono na uso kwa maji baridi na sabuni kabla ya kushika chapati. Vichwa vya risasi hizi ni vya madini yenye sumu, na vumbi lake hukaa kwenye vidole na nguo. Wenye watoto nyumbani wabadilishe shati kabla ya kuwabeba. Na siku utakapofungua pakiti ya loti mpya, rudi hatua ya 8.